Orodha, daftari au dodoso: kuuangalia ukuaji wa mtoto mdogo na kumchagulia mchezo unaomfaa

Mtoto aliye kati ya mwaka mmoja na mitatu hubadilika upesi mno, kiasi kwamba hata mtu anayeshinda naye kutwa huweza kupitwa na mabadiliko yenyewe. Wiki hii anashikilia ukuta ili asimame, na baada ya wiki chache anavuka chumba akiwa amebeba kitu katika kila mkono. Wazazi na walezi wa watoto wa umri huu husisitiziwa mambo mawili: wafuatilie ukuaji wa mtoto, na wamchangamshe kwa michezo. Ni nadra kuelezwa jinsi mambo hayo yanavyotegemeana, ilhali mchezo unaomfaa mtoto leo hauwezi kuchaguliwa na mtu ambaye hajamtazama vizuri jana. Hapa nalinganisha njia tatu za kumwangalia mtoto, yaani orodha ya hatua za ukuaji, daftari la uangalizi na dodoso la uchujaji, kisha namna za kucheza naye, ili anayechagua ajue kila njia inampa nini na inamnyima nini.

Orodha ya hatua za ukuaji

Hii ni kadi, karatasi au programu ya simu inayotaja, kwa kila umri, mambo ambayo watoto wengi huwa wameanza kuyafanya. Kwenye orodha ya Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC), kwa mfano, mtoto wa miezi 15 anatarajiwa kuweka angalau vitu viwili kimoja juu ya kingine, wa miezi 18 kunyoosha kidole ili akuonyeshe jambo lililomvutia, na wa miaka 2 kuunganisha angalau maneno mawili na kuupiga mpira teke. Mlezi hujibu ndiyo au bado, na kazi huwa imekwisha kwa dakika chache.

Faida kubwa ya orodha ni kukumbusha maeneo ambayo mlezi asingeyafikiria peke yake. Karibu kila mtu huangalia kama mtoto ametembea na kama ametamka neno, lakini wachache hujiuliza kama mtoto ananyoosha kidole ili washirikiane naye kutazama ndege au gari lililopita. Kidole hicho kina uzito mkubwa, kwa sababu kinaonyesha kwamba mtoto ameelewa kuwa mtu mwingine naye anaona na anaweza kualikwa aone.

Kabla ya kuitegemea orodha yoyote, hata hivyo, ni lazima kujua imeandikwa kwa kipimo gani. Orodha nyingi za zamani zilitumia wastani, yaani umri ambao nusu ya watoto huwa wamelifikia jambo fulani, na kwa hesabu hiyo nusu nyingine ya watoto wazima kabisa wataonekana wamechelewa. Mwaka 2022 CDC ilibadilisha orodha yake ili itaje mambo ambayo asilimia 75 au zaidi ya watoto hutarajiwa kuwa wanayafanya katika umri husika. Maana yake kwa mzazi ni kubwa. Jibu la "bado" kwenye orodha ya wastani mara nyingi halina la kutisha, lakini jibu hilohilo kwenye orodha ya aina ya pili linastahili kupelekwa kwa mhudumu wa afya badala ya kusubiriwa. Nasisitiza hili kwa sababu nawaona wazazi wakihangaishwa na orodha zisizostahili kuwahangaisha, na wengine wakitulia mbele ya zile ambazo zingepaswa kuwainua vitini.

Kuna pia suala la upana wa umri. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) uliofanywa Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba watoto wenye afya njema huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8.2 na miezi 17.6. Katika utafiti huohuo asilimia 4.3 ya watoto hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Waliruka hatua hiyo na wakaendelea vizuri. Orodha inayoandika umri mmoja tu mbele ya kila hatua huuficha upana huu, na ndipo mashindano kati ya watoto wa majirani na wa ndugu huanzia.

Udhaifu mwingine wa orodha ni kwamba inajua tu yale iliyoyauliza. Swali la kupanda ngazi halimpimi mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna ngazi, wala swali la kutumia uma halimpimi mtoto anayekula kwa mkono. Maswali ya namna hiyo yasijibiwe "bado" kabla mtoto hajapewa nafasi ya kujaribu.

Daftari la uangalizi

Njia ya pili haihitaji zaidi ya daftari na kalamu. Mlezi humtazama mtoto akicheza kwa dakika tano au kumi bila kumwingilia, kisha huandika alichokiona, pamoja na tarehe na umri wa mtoto. Hakuna maswali yaliyopangwa. Tofauti yake na orodha inaonekana vizuri zaidi ukiziweka pamoja juu ya tukio moja. Mtoto wa miezi 19 ameketi sakafuni na makopo matupu ya plastiki. Orodha ingeandika hivi: "Anapanga vitu viwili au zaidi: ndiyo." Daftari lingesema: "Ameweka kopo dogo juu ya kubwa. Limeanguka. Amelitazama, kisha akanitazama mimi. Amelirudisha kwa mikono miwili, taratibu. Lilipotulia amelisukuma kwa makusudi, akacheka, akasema 'tena'. Amejaribu kuweka kubwa juu ya dogo mara nyingi, halafu akaligeuza dogo mdomo chini."

Maandishi hayo machache yanaeleza ukuaji wa mikono, lakini yanaeleza pia kwamba mtoto anatafuta uso wa mlezi anaposhindwa, kwamba ameanza kuelewa chanzo na matokeo, kwamba neno lake limetumika mahali pake, na kwamba anabadilisha mbinu badala ya kurudia kosa. Zaidi ya hayo, yanampa mlezi la kufanya kesho: mtoto anayeligeuza kopo mdomo chini yuko tayari kwa vyombo vya ukubwa tofauti vinavyoingiana. Orodha isingeweza kumwambia hivyo.

Ugumu wa daftari uko katika kuandika ulichokiona bila kuchanganya na hukumu. "Leo amekuwa mkaidi" haimsaidii mtu. "Ametupa kijiko chini, akainama kukitazama, akalia alipokatazwa, aliporudishiwa akakitupa tena" inasaidia, kwa kuwa inaonyesha mtoto anayefanya uchunguzi juu ya vitu vinavyoanguka. Mtoto wa umri huu mara nyingi hushikwa na jambo moja kwa siku nyingi. Yupo anayehamisha vitu kutoka kona moja hadi nyingine, yupo anayefunika na kufunua, anayezungusha kila kinachozunguka, na anayepanga vitu kwa mstari. Ukisoma kurasa kadhaa za daftari kwa mfululizo utaliona jambo hilo likijirudia, na hapo utakuwa umepata mlango wa kuingilia katika mchezo wake.

Nikiri kwa niaba ya njia hii kwamba ina hatari yake. Daftari halina kipimo cha nje, na mapenzi ya mzazi huchagua mazuri ya kuandika. Mzazi anaweza kujaza kurasa nyingi kuhusu wepesi wa mikono ya mwanawe na asitambue kwamba hakuna ukurasa hata mmoja unaotaja neno alilolisema. Kwa sababu hiyo daftari peke yake halitoshi kugundua ucheleweshaji.

Kupiga video kwa simu ni jamaa wa karibu wa daftari. Inafaa sana kwa mambo ambayo ni vigumu kuyaeleza kwa maneno, kama vile mwendo wa mtoto au mtikisiko usioeleweka. Ubaya wake ni kwamba mtoto akishaiona simu huuacha mchezo na kuifuata, basi ipigwe kwa uchache.

Dodoso la uchujaji

Njia ya tatu hutumiwa zaidi kwenye kliniki na vituo vya malezi, na watu wengi huichanganya na orodha. Dodoso la uchujaji limejaribiwa kwa watoto wengi, lina alama, na lina mpaka ambao mtoto ambaye alama zake ziko upande wake wa wasiwasi hupelekwa kwa uchunguzi wa kina. Linalojulikana sana ni ASQ-3, ambalo humuuliza mzazi maswali 30 juu ya mawasiliano, misuli mikubwa, misuli midogo, utatuzi wa matatizo, na tabia binafsi na kijamii, naye hujibu ndiyo, wakati mwingine, au bado. Kwa dalili za usonji (autism) kuna M-CHAT-R, lenye maswali 20, linalotumika kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani hupendekeza uchujaji wa jumla wa ukuaji katika miezi 9, 18 na 30, na wa usonji katika miezi 18 na 24, hata kama mzazi hana wasiwasi wowote.

Nguvu ya dodoso ni kwamba hupunguza kubahatisha. Mzazi mwenye hofu isiyo na msingi hutulizwa, na mzazi aliyezoea hali ya mtoto wake kiasi cha kutoiona tena hushtuliwa mapema. Lakini dodoso si utambuzi wa ugonjwa. Mtoto aliyepata alama za kutia wasiwasi anahitaji kuangaliwa zaidi, na baadhi ya watoto wa namna hiyo wataonekana hawana tatizo lolote. Pia dodoso halisemi lolote kuhusu mchezo wa kesho. Linajibu swali moja tu, yaani kama mtoto huyu anahitaji mtaalamu, na kwa swali hilo ndilo bora kuliko njia nyingine mbili.

Ipi ichaguliwe

Kwa mzazi aliye nyumbani na mtoto mmoja au wawili, ushauri wangu ni kuanza na daftari, hata kama ni maandishi ya mara mbili tu kwa juma, na kuipitia orodha kila baada ya miezi mitatu hivi ili kuziba mapengo ambayo daftari huyaacha. Anayefanya kinyume chake, akaanza na orodha na kuishia hapo, huishia kumtahini mtoto: "Sema baba! Sema paka! Panga, tuone!" Mtoto hugundua upesi kwamba anapimwa, na wengi hunyamaza.

Mlezi wa kituo mwenye watoto wengi hawezi kumwandikia kila mmoja kila siku, na asijilaumu kwa hilo. Kwake yeye ni heri kuchagua watoto wawili au watatu kwa siku, awaandikie kwa ufupi, ili kila mtoto afikiwe kwa zamu. Orodha itamfaa anapozungumza na wazazi, mradi asiwasomee kama ripoti ya mtihani.

Watoto wa aina mbili huhitaji uangalifu wa ziada kwa njia yoyote utakayochagua. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, na hesabu hiyo hutumika kwa kawaida mpaka afikishe miaka 2. Aliyezaliwa miezi miwili kabla, akiwa na miezi 14 ya kalenda, alinganishwe na watoto wa miezi 12. Naye mtoto anayekulia katika lugha mbili hesabu ya maneno yake ijumuishe lugha zote mbili, kwani ukihesabu moja tu utamwona amechelewa kumbe hajachelewa.

Namna tatu za kucheza

Baada ya kumwangalia mtoto, mlezi anakuta tena njia zaidi ya moja mbele yake. Upo mchezo huru, ambao mtoto huchagua, huanzisha na huacha apendavyo. Upo mchezo wa kuongozwa, ambao mtu mzima huandaa vitu na mazingira na kushiriki, lakini mtoto ndiye anayeshika usukani. Na upo mchezo wa kufundishwa, ambao mtu mzima huamua nini kifanywe na kwa namna gani.

Mchezo wa kufundishwa ndio unaowavutia wazazi wengi, kwa kuwa matokeo yake huonekana papo hapo: mtoto ameonyeshwa, naye ameiga. Una nafasi yake, hasa kwa mambo ya usalama na kwa nyimbo za vitendo vya mikono. Ila una gharama. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake walichapisha jaribio ambamo watoto wa umri wa shule ya awali walipewa kitu cha kuchezea chenye mambo kadhaa yaliyofichika ndani yake. Walioonyeshwa jambo moja kwa namna ya kufundishwa walilirudia hilohilo na kuchunguza mengine kwa uchache kuliko wale ambao hawakufundishwa. Watoto hao walikuwa wakubwa kuliko tunaowazungumzia hapa, lakini anayewatazama wadogo kwa makini atautambua mwelekeo huo.

Mchezo huru hauna gharama hiyo, nao ndio wakati bora wa kuandika kwenye daftari. Unachohitaji zaidi ni utulivu na vitu vichache. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watoto 36 wa kati ya miezi 18 na 30 walicheza wakiwa na vitu vinne mbele yao, na wakati mwingine wakiwa na 16. Walipokuwa na vinne walidumu na kila kimoja kwa muda mrefu zaidi na walikitumia kwa namna nyingi zaidi. Kwa hiyo mzazi asiye na uwezo wa kununua vitu vingi hajamnyima mtoto chochote, na mwenye navyo vingi ni bora avifiche vingine na kuvibadilisha kwa zamu. Vile vinavyoimba na kumetameta kwa betri ningeviweka nyuma kabisa. Utafiti wa mwaka 2016 uliofuatilia wazazi na watoto wao wa miezi 10 hadi 16 ulionyesha kwamba vitu hivyo vilipochezewa, wazazi walizungumza kidogo kuliko walipokuwa na vitabu au vitu vya kawaida kama vibao vya kupanga. Kinapozungumza kitu, mtu hunyamaza.

Mtu asidhani kwamba mchezo huru wa mtoto mdogo lazima uwe na wenzake. Mildred Parten, katika utafiti wake wa mwaka 1932, alieleza jinsi watoto wadogo wanavyocheza kandokando, kila mmoja na chake, kabla ya kujua kushirikiana. Kumlazimisha mtoto wa miezi 20 agawane kijiko chake na mwenzake ni kumtaka afanye jambo ambalo bado hajalifikia. Vijiko viwili vinavyofanana humaliza ugomvi.

Kati ya namna hizo tatu, mimi ningeupa mchezo wa kuongozwa nafasi ya kwanza pale ambapo daftari limeonyesha jambo ambalo mtoto anakaribia kuliweza. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky ndiye aliyelieleza eneo hilo, lililo kati ya yale mtoto anayoweza peke yake na yale anayoweza akisaidiwa. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliufananisha msaada wa mtu mzima na jukwaa la mafundi linalozunguka nyumba inayojengwa, ambalo huondolewa kadiri kuta zinavyosimama. Kwa vitendo mambo ni mepesi kuliko nadharia. Keti chini, uso wako uwe usawa wa uso wake. Subiri kwanza. Mwige anachokifanya, ili ajue umemwona. Kisha taja kwa maneno machache anachokifanya: "Kopo limeingia." Nyamaza tena, hesabu polepole moyoni mpaka tano, kwa sababu mtoto huhitaji muda mrefu kuliko sisi kupata neno lake. Mwisho ongeza jambo moja tu jipya, labda kopo la tatu, au kitambaa cha kulifunika. Akilikataa, liondoe bila kumbembeleza.

Hivyo ndivyo daftari linavyogeuka kuwa mchezo. Anayerusha kila kitu apewe mipira laini na beseni la kulenga. Anayehamisha vitu apewe kikapu chenye mpini na vitu vikubwa vya kubeba. Anayependa kufunika na kufunua achezewe mchezo wa kuficha kitu chini ya kitambaa kimoja, halafu viwili. Anayenyoosha kidole ajibiwe kwa jina la kitu alichokionyesha, kila mara. Aliyeanza kumlisha mwanasesere aachiwe sahani tupu na kijiko, na mtu mzima akubali kulishwa pia.

Vyovyote utakavyochagua, kitu kinachoweza kupita ndani ya tundu lenye upana wa sentimita 3 hivi kisimfikie mtoto aliye chini ya miaka 3, maana kinaweza kumkaba koo. Mtoto anayechezea maji asiachwe hata kidogo, ingawa maji yenyewe ni ya kina cha sentimita chache. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unapendekeza angalau dakika 180 za shughuli za mwili kwa siku kwa watoto wa mwaka mmoja na miwili, zilizogawanyika mchana kutwa. Skrini hazipendekezwi kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili zisizidi saa moja.

Ziko hali ambazo ulinganisho huu wote huwekwa kando na mtoto kupelekwa kliniki mara moja. Kubwa kuliko zote ni mtoto kupoteza uwezo aliokuwa nao, kama vile maneno aliyoyasema zamani au tabia ya kumtazama mtu usoni, katika umri wowote. Nyingine ni kutotembea mwenyewe baada ya miezi 18, kutoitikia jina lake au sauti, kutonyoosha kidole kabisa akiwa na miezi 18, kutounganisha maneno mawili akiwa na miaka 2, na kutumia mkono mmoja tu huku mwingine ukilegea au kukakamaa. Ukienda, beba daftari lenye tarehe na video fupi ya jambo linalokutia wasiwasi, na umweleze mhudumu ni lugha zipi mtoto anazisikia nyumbani, kama alizaliwa kabla ya wakati, na kama masikio yake yamewahi kupimwa.